Mmenivua, Nirudisheni Majini

Barabara ya Gati la Zamani,
Ziwa Ottilie, Wisconsin.
Jumanne, wiki ya pili ya msimu.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wavuvi wa Muski wa Ziwa Ottilie.

Mheshimiwa Mwenyekiti Marlys Haugen,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na kamati yako yote. Najua wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, na nyumba yako ni ya tatu kutoka kwangu, na ningeweza kuja jikoni kwako nikayasema haya huku unanimiminia kahawa. Lakini ulinikataza kuvua kwa barua yenye muhuri wa chama, iliyoanza kwa maneno "Ndugu Mwanachama", basi nami nakujibu kwa urasmi uleule. Undugu tutaurudia mambo haya yakiisha.

Nalalamikia namna chama chako kilivyonishughulikia Jumamosi ya kufungua msimu, pamoja na uamuzi uliofuata wa kuninyang'anya ufunguo wa injini ya boti yangu. Naomba malalamiko haya yasomwe kwa sauti kwenye kikao cha Alhamisi, chumba cha nyuma cha baa ya Stub, kabla watu hawajaanza kunywa.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawakuwepo, na wale waliokuwepo lakini macho yao yalikuwa kwa samaki, naeleza kwanza yaliyotokea.

Asubuhi ile nilikuwa botini mwangu na mumeo, shemeji yangu Gus, katika ghuba ya kaskazini. Chini ya ghuba ile kuna matope meusi, jua la Mei huyapasha moto mapema kuliko sehemu nyingine za ziwa, na muski milia hupanda humo kuota joto baada ya baridi ndefu. Nawakumbusha wajumbe wapya kwamba muski milia ni yule samaki mrefu mwenye mdomo uliojaa meno, mtoto wa muski wa kawaida na binamu yake aitwaye paiki, ambaye serikali humtotolesha kwenye mabwawa yake kisha ikaja kutumwagia ziwani. Hazai. Ukimuua mmoja, hakuna mtoto wa kushika nafasi yake mpaka serikali ikumbuke kutuletea mwingine, na ndiyo maana chama chetu humrudisha majini kila anayevuliwa. Mpaka hapo hatuna ugomvi.

Nilikuwa natumia chambo kidogo cha manyoya, navuta taratibu, kama inavyotakiwa mwanzoni mwa msimu samaki akiwa bado mzito kwa baridi. Kila nilipomaliza kuvuta nilizamisha ncha ya fimbo ya kuvulia kando ya boti nikachora tarakimu ya nane majini. Muski ana tabia hiyo ya kufuata chambo mpaka ubavuni mwa boti, akakitazama, akaghairi, akaondoka. Anayechora nane huweza kumbadilisha mawazo dakika ya mwisho. Kwa miaka mingi mmenicheka kwamba nachora nane hata nikikoroga kahawa. Basi chini ya boti likainuka jitu la kijani lenye milia myeusi, likafunga mdomo juu ya chambo changu, mimi nikainama kulifuata, nyonga yangu ya chuma ikakataa kuinama, na mwili wote uliobaki ukaendelea na safari bila nyonga. Nikaingia ziwani kichwa mbele, fimbo mkononi.

Hilo kosa ni langu na nalikubali. Yaliyofuata siyakubali, nayo ni haya:

1. Nilipoibuka juu, neno la kwanza kutoka kinywani mwa shemeji yangu halikuwa jina langu.

"Fimbo!" alipiga kelele. "Mzee, usiachie fimbo!"

Sikuiachia. Mkono mmoja nilishika fimbo, mwingine nikajishikiza kwenye injini. Nikakuona wewe na katibu wako Roland Dufek mnakuja mbio na boti ya chama, ule wavu mkubwa wa mpira mmeuelekeza mbele. Nikafurahi. Nikajisemea, dada yangu huyo anakuja. Nikanyanyua uso vizuri ili unione.

Ukanipita, Mheshimiwa. Ulinipita karibu kiasi kwamba wimbi la boti yako liliniingia puani. Ukamchota samaki.

"Marlys!" nikakuita. "Maji ya baridi haya!"

"Ndiyo yanayomfaa," ukanijibu. "Wewe una jaketi la kuelea, tulia hapo hapo."

2. Huduma aliyopewa samaki ilikuwa ya hali ya juu mno, na nasema hivi kama shahidi aliyeitazama yote akiwa chini yake.

Alibaki ndani ya wavu, majini, mgongo juu, matamvua yakipata maji muda wote. Hakuna aliyemtoa kabla vifaa havijawa tayari. Nilikusikia: "Roland, lowesha mikono! Siyo hivyo, lowesha mpaka viwiko, ukimgusa mkavu unamtoa ute wake anapata vidonda." Roland akalowesha mikono kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji. Ndoana moja ilikuwa imezama, ukasema usiivute, ikate, nunua nyingine, samaki hauzwi dukani. Ikakatwa. Nilikuwa natetemeka meno yanagongana lakini moyoni nilikusifu, maana kazi ilikuwa safi.

Akapimwa humo humo majini. Inchi arobaini na sita, sita juu ya kiwango cha serikali. Gus, ambaye alikuwa ameshahamia boti ya chama, akapiga mluzi.

3. Hapa naomba katibu asome polepole, kwa sababu ndicho kiini cha shauri langu.

Chama chetu kina desturi yake, nayo nadhani haipo kwenye ziwa lingine lolote. Samaki akiinuliwa kwa ajili ya picha, kila mtu aliyeko botini huzuia pumzi. Wa kwanza kuhema, picha imekwisha, samaki anarudi majini. Tuliianzisha ili mpiga picha asijisahau, na ni desturi nzuri, mimi mwenyewe niliipigia kura.

Basi Roland akamwinua samaki, mkono mmoja chini ya taya, mwingine chini ya tumbo, amelala sawasawa. Ninyi watatu mkavuta pumzi mkaishikilia. Wakati huohuo mkono wangu ukateleza kwenye injini. Nikaita, "Nisaidieni!" Kimya. Nikaita tena. Mlinitazama, wote watatu, mashavu yamevimba, macho yamewatoka, na hakuna aliyenijibu hata neno. Shemeji yangu alinionyesha kidole, maana yake subiri.

Naitaka kamati itafakari kwamba mwanachama wake angeweza kuzama mbele ya watu watatu waliokuwa wanazuia pumzi kwa ajili ya samaki. Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kuzuia pumzi pale.

4. Mlimshika mkia ndani ya maji, mkamngoja. Ulimwambia, nilisikia kwa masikio yangu, "Haya mzuri wangu, usikimbilie, ondoka ukiwa tayari." Akakaa. Akapumua. Alipoona amepata nguvu akapiga mkia, akakurushia maji usoni, akazama. Ukacheka kwa furaha. Mimi tangu tukiwa watoto sijawahi kuitwa mzuri wako.

5. Kisha mkanikumbuka.

Sasa naomba tulinganishe. Kanuni ya chama inasema mikono iwe imelowa. Mlinishika kwa glavu kavu. Kanuni inasema samaki asining'inizwe wima, uzito wake mwenyewe unamuumiza viungo. Mlinining'iniza wima, tena miguu juu, kamba ya wavu imenibana mbavuni. Kanuni inasema asilazwe kwenye zulia la boti. Nililazwa kifudifudi kwenye zulia, katika mafuta ya injini na mabaki ya chambo cha mwaka jana. Na mazungumzo yenu yalikuwa haya:

"Mshike mkanda!"

"Mkanda umekatika!"

"Basi suruali!"

"Suruali inakuja peke yake, mama, yeye habanduki!"

Hiyo sauti ya mwisho ni ya mumeo. Kisha akaniwekea goti mgongoni. Samaki hakuwekewa goti.

6. Picha. Samaki alipigwa moja, kwa pumzi moja. Mimi nilipigwa nyingi, na hakuna aliyezuia pumzi, maana mlikuwa mnacheka. Iliyo mbaya kuliko zote sasa imetundikwa kwenye ukuta wa Stub, juu ya chupa za brandi, katikati ya samaki waliokaushwa wa enzi za baba. Ijumaa nilikwenda pale kula samaki wa kukaanga kama kila Ijumaa, na Stub akaniita mbele ya watu wote, "Karibu, muski wetu! Leo tukukaange au tukurudishe?" Watu wakapiga meza. Nikala viazi vyangu nikaondoka.

Na hapohapo naongeza jambo moja ambalo linanikera, ingawa halinihusu. Kila mjumbe wa kamati aliyekuwepo alikuwa na sahani ya samaki wadogo waliokaangwa, wamepangwa kama vijiti, na hakuna aliyeuliza kama walishikwa kwa mikono iliyolowa. Huruma yetu kumbe inaanzia inchi arobaini.

7. Roland Dufek alinilaza juu ya ubao wa kupimia samaki, akasoma namba, akatangaza, "Huyu hajafikia kiwango! Mrudisheni!"

Mlicheka. Sikucheka, kwa sababu nililala pale nikafikiri, na nikaona ndilo neno pekee la maana lililosemwa asubuhi ile. Roland ni katibu. Alikuwa juu ya boti ya chama, mbele ya mwenyekiti, na ubao wa chama. Hilo ni tamko rasmi. Kanuni ya kwanza ya chama, ile iliyochongwa kwenye kibao cha gatini, inasema kila kinachovuliwa katika Ziwa Ottilie kirudishwe pale pale kilipovuliwa, haraka, kikiwa hai.

Mmenivua. Nilikuwa hai. Kwa nini sikurudishwa?

Mlinipeleka nyumbani, mkanivua nguo, mkanilaza kitandani na chupa za maji moto, mkafunga mapazia, ukachukua ufunguo wa injini kwenye ndoano iliyo kando ya mlango ukautia mfukoni. Kwa lugha ya kanuni zetu wenyewe, mmeniweka kwenye ndoo mkaenda nami nyumbani. Tumewahi kumfukuza mtu uanachama kwa kosa hilo.

8. Natarajia utasema kanuni zinahusu samaki tu. Nimelifikiria hilo kwa makini, nami sasa natoa ushahidi kwamba ninastahili kuandikwa kwenye daftari la chama kama muski milia.

Mimi ni mchanganyiko. Baba yetu Mpolandi na mama yetu Mnorwe, watu ambao kwa miaka ile hawakutakiwa hata kukaa benchi moja kanisani, na waliooana wakiwa wameshaambiwa haitatoka kitu cha maana. (Nawe Marlys umo humo, kwa hiyo pima maneno yako kabla hujanijibu.) Mimi na marehemu Lucille hatukujaaliwa mtoto. Tulifanya yote yanayotakiwa, kama wanavyofanya muski milia kila masika, na hakikuzaliwa kitu. Nikiondoka mimi hakuna Kubiak mwingine wa kushika nafasi yangu ziwani, na serikali haitotoleshi watu kama mimi kwenye mabwawa. Nina meno makali kuliko umri wangu. Mwezi wa Mei hupenda kukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye jua bila kusema na mtu. Na Lucille alizoea kusema kwamba mimi hufuata jambo mpaka mwisho kabisa, kisha nikalitazama, nikaghairi. Sioni kilichopungua isipokuwa milia, na hiyo mliniwekea ninyi kwa kamba ya wavu, iko mbavuni mpaka leo.

9. Nilipowekewa nyonga hii, hospitali iliniruhusu kesho yake kabla ya chakula cha mchana. Nilisema siwezi kusimama vizuri. Binti mmoja mwenye tabasamu akaniambia bima imeona nimepona vya kutosha. Hakuna aliyenishika mkia akaniambia, ondoka ukiwa tayari. Nikaondoka kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, na kutoka mlangoni kwa juhudi zangu mwenyewe.

Sijawahi kusikia samaki akiulizwa kadi ya bima. Ndiyo maana natamani hadhi yake, wala siombi kwa utani.

10. Kijitabu.

Jumatano iliyopita uliniletea supu, na chini ya sahani ya supu kulikuwa na kijitabu cha nyumba ya wazee. Ulisema tu, "Kaka, kitazame ukipata nafasi, hakuna anayekulazimisha." Nimekitazama. Ukurasa wa tatu kuna picha ya wazee wameketi kuzunguka bwawa la saruji, wanawatupia mkate samaki wa rangi ya chungwa wenye urefu wa kidole. Maandishi yanasema, "Kwa wapenzi wa uvuvi."

Marlys, niliumia. Nasema wazi nikuondolee shida ya kukisia. Sikuumia nilipoanguka ziwani, wala mliponivuta kwa suruali. Niliumia kwa yale maandishi.

11. Barua yako inasema kwamba "Ndugu Mwanachama hana tena uwezo wa kuingia na kutoka botini bila msaada, hasa wakati wa maji baridi". Hii ni dharau. Mimi huingia botini mwangu mwenyewe bila ngazi wala mtu wa kunishika, na niko tayari kuthibitisha siku yoyote, hata leo.

Unasema pia nisubiri Julai, maji yakipata joto. Unajua vizuri kwa nini siwezi. Julai magugu yameshapanda, samaki ameshuka kwenye kina, na atakayemtaka lazima arushe vile vyambo vizito kama viatu vya mwanajeshi, mtupo baada ya mtupo, kutwa. Bega langu limeshamaliza kazi hiyo. Tena Julai maji yakichemka, samaki akivuliwa hufa hata ukimshika kama yai, na chama chenyewe kinatukataza kuvua. Mimi nilichobakiwa nacho ni wiki hizi chache za mwanzo wa msimu, chambo kidogo, mwendo wa taratibu, maji ya kina kifupi. Hakuna msimu mwingine unaonitosha. Mkiniondolea huu, msiseme mmeniahirishia. Semeni mmenitoa.

Kwa sababu hizo zote naomba kamati, kwa unyenyekevu mkubwa, iamue yafuatayo:

Kwanza, niandikwe rasmi kama muski milia wa Ziwa Ottilie, mwenye urefu uliopimwa na katibu, na nilindwe na kanuni zote za kumshika samaki huyo. Sheria ya serikali humruhusu mtu kuchukua mmoja kwa siku aliyezidi kiwango. Naomba chama kinihakikishie kwamba sitachukuliwa.

Pili, mjumbe yeyote anayetaka kunigusa aloweshe mikono kwanza, anishike kwa usawa, mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya nyonga, tena ile ya chuma.

Tatu, picha iliyoko kwa Stub itolewe, iwekwe nyingine ambayo nimelala sawasawa na nimevaa suruali.

Nne, kanuni ya pumzi ipanuliwe kwa wazee wote wa mji huu. Mtu aliyezidi miaka sabini asitolewe nje ya nyumba yake, ziwa lake, au kiti chake cha kawaida kwa muda unaozidi ule ambao anayemtoa anaweza kuzuia pumzi. Watoto wake, wapwa wake, madaktari na watu wa nyumba za bwawa la saruji wasimame pale mlangoni, wavute pumzi, waanze. Wa kwanza kuhema, mzee anarudi ndani.

Tano, na hili silitolei punguzo: nirudishwe pale nilipovuliwa, ghuba ya kaskazini, upande wa matope meusi, nikiwa na boti yangu, fimbo yangu na ufunguo wangu. Uje wewe mwenyewe kama mwenyekiti. Ushike nyuma ya boti, kama ulivyomshika yule mkia. Uniambie niondoke nikiwa tayari. Kisha uachie, Mheshimiwa, na usinifuate.

Nikikataliwa haya, nitapeleka shauri kwa afisa wa uvuvi wa wilaya na kuwashitaki ninyi watatu kwa kumtoa ziwani kiumbe asiyezaa, kumlaza kwenye zulia, na kumhifadhi nyumbani bila kibali. Ushahidi uko ukutani kwa Stub.

Nisalimie kamati nzima, hata wale waliopiga meza. Msalimie Gus, mwambie goti lake bado nalihisi nikigeuka upande wa kushoto, na mwambie ahsante kwa kuniambia nisiachie fimbo, kwa sababu kusema kweli nisingejisamehe. Msalimie Roland na mikono yake. Wasalimie akina mama wanaokaanga samaki wa Ijumaa pale kanisani na kwa Stub, na mchungaji, na mbwa wako ambaye siku zote hunipokea kwa adabu kuliko kamati. Samaki yule mkimwona, naye msalimieni. Nadhani ndiye pekee aliyetoka ghubani siku ile bila kuchekwa.

Wako katika kutafuta haki, na ambaye bado ni mwanachama hai kwa maana zote mbili,

Orville Kubiak

Nyongeza: Marlys, sehemu hii usiisome kwenye kikao.

Barua yote hii nimeiandikia ndani ya boti, hapa uani, juu ya trela. Nilipanda asubuhi baada ya kahawa ili nipange vyambo, na niingie mwenyewe kama nilivyokuambia, na niliingia mwenyewe kweli. Nilikanyaga kile kigoda cha kukamulia cha mama. Nikavuta mguu wa pili, kigoda kikaanguka, nyonga ikajifunga. Nimejaribu kushuka kwa upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kwa nyuma kupitia kwenye injini. Huko nyuma nilikaribia sana kisha nikaogopa. Simu iko jikoni, naiona dirishani. Imelia mara mbili, nadhani ni wewe. Kwa kukosa la kufanya nikachukua kalamu, karatasi na bahasha ninazoweka kwenye sanduku la vyambo, na hasira ilinipa joto hadi ukurasa wa mwisho. Sasa hasira imeisha na mawingu yamejaa upande wa ziwa.

Tammy wa posta anakuja barabarani, namsikia. Nitamrushia bahasha hii, nitamwambia niko kazini, na kwako atafika baada ya dakika chache. Hatajua kitu. Nitakuwa nimesimama kwa namna ya mtu mwenye shughuli.

Njoo wewe mwenyewe. Gus mwache kwanza, atakuja na kamera. Ngazi iko nyuma ya gereji, chini ya turubai. Ukifika usinisemeshe, nishike tu mpaka mguu wa pili uguse chini, maana natetemeka na sitaki kuulizwa. Halafu tuingie jikoni tuzungumze habari ya boti kama watu wazima. Ina viti viwili, na ghuba ya kaskazini itakuwa nzuri mpaka wiki ijayo, kama kuna mtu ana nafasi Jumamosi. Ufunguo ukitaka njoo nao, usipotaka uache. Ngazi ndiyo usiisahau.